Kolajeni ya Mama na Mfungo Mkuu

Nyuma ya Kanisa la Mikaeli,
Debre Tabor.
15 Aprili 2025

Mpendwa mdogo wangu Wubalem,

Hujambo huko Melbourne? Mgongo unaendeleaje na hao wazee unaowanyanyua vitandani kila siku? Sisi tu wazima, ila mfungo huu bila nyama wala maziwa umetuchosha midomo kwa dengu. Fasika, Pasaka yetu, inakaribia, na kuku wa jirani yetu Zenebu sasa anatembea kwa wasiwasi.

Habari kubwa ni ya Mama. Unajua miaka hii yote alivyokuwa akisali nje ya kanisa, pale ukutani, hata mvua inyeshe. Wewe na mimi tulidhani ni uchaji. Aba Mersha, padri wake wa maungamo, alimtaja hata kwenye mahubiri: tazameni unyenyekevu wa mama yetu, Etete Bayush. Wanawake wengine wakaanza kusimama naye, ukuta ukajaa.

Kumbe kizazi chake kimeshuka, Wubalem. Mkojo unamponyoka, naye akajiona si msafi wa kuingia nyumba ya Mungu. Niligundua nilipomkuta akifua vitambaa kwa kujificha. Nililia. Akaniambia kama nina maji ya kumwaga, niyamwage kwenye beseni.

Nikamburuta kwa daktari Fikirte, ambaye alitaka kumwekea pete ya mpira laini ya kukishikilia kizazi. Akamweleza kwa upole kwamba kizazi hushikwa na kano, na kano zimefumwa kwa protini: kolajeni inazipa nguvu, elastini inazirudisha zikivutwa. Uzazi mwingi, magunia ya shayiri na umri vimezilegeza zake, na wapo wanaozaliwa nazo dhaifu. Mama alisikiliza vizuri sana, kisha akauliza jambo moja tu.

"Hiyo kolajeni, mwanangu, ni ya mfungo au si ya mfungo?"

Daktari, maskini, hakuona mtego. Akasema ni kama ile iliyo kwenye ngozi ya ng'ombe.

Mama akajifunga shuka, akainuka. "Yaani nimefunga tangu usichana, na nyama imo ndani? Siwekwi pete hapa mpaka Aba Mersha aseme."

Tukaenda kwa Aba, mimi nikitamani ardhi inimeze. Aba akajishika kidevu. "Hata mimi ninacho hicho kitu?"

"Mpaka kwenye magoti, Aba," nikamjibu.

Akawaza, akatoa hukumu: alichokiweka Mungu mwenyewe ndani ya mtu hakikuliwa, basi hakivunji mfungo. Kisha akamuuliza Mama kwa nini hasa anasimama nje. Mama akamwambia.

"Nami nikakuhubiri, Etete," Aba akasema.

"Nilikusikia," Mama akasema. "Ulihubiri vizuri. Sikutaka kukuharibia."

Akawekwa pete. Juzi Jumapili ya Matawi, Hosaena, akapita mlangoni na pete ya jani la mtende kidoleni, akininong'oneza kwamba sasa ana pete mbili na mume hana hata mmoja. Alipobusu nguzo ya mlango nilishindwa kuzuia machozi. Wenzake wa ukutani walimtazama kama msaliti. Ibada ilipokwisha akawaeleza yote bila kificho. Zenebu, naye mmoja wao, akauliza kwa sauti ndogo huyo daktari yuko wapi.

Jana ukuta mzima ulikuwa kwenye benchi la daktari, Mama akiwahakikishia kwamba kolajeni ni ya mfungo.

Sasa wewe. Daktari anasema ulegevu huu unaweza kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Mimi nimeshapimwa. Na wewe, kwenye simu, ulicheka kwamba siku hizi hukohoi bila kubana miguu. Mama alisikia, na hakucheka. Maneno yake ndiyo haya: "Mwambie Wubalem asisimame nje."

Msalimie shemeji Tesfahun na wanangu Kidist na Natnael. Zenebu anakusalimu, kuku wake bado yuko hai. Mungu akufikishe Fasika ukiwa mzima, juu na chini.

Dada yako akupendaye,
Yeshimebet