Bata wa Lambo la Issenye

Alhamisi, 6 Juni

Daftari langu, uniwie radhi. Tangu Pasaka sijaandika hata mstari. Sina sababu ya maana. Uvivu tu.

Leo lipo jambo. Wegesa, jirani yangu, ameleta bata bukini wa porini, mwenye duara la kahawia kuzunguka jicho. Aligonga waya wa umeme karibu na lambo wanakonyweshea ng'ombe. Bawa la kushoto linaburuta. Mbwa walikuwa wameanza kumzunguka.

Nelson wa bodaboda alisimamisha pikipiki kwenye ua wangu. "Shikamoo Mwalimu! Hiyo ni supu ya Jumapili, mbona unaifunga shuka?"

Nikamwambia bata si "hiyo". Akacheka, akaondoka.

Ijumaa, 7 Juni

Bwana mifugo, Danford, amemtazama. Mfupa haukuvunjika, bawa limeteguka. Amelifunga ubavuni kwa bandeji, kama anayemfunga mtoto mgongoni. Ale mahindi yaliyolowekwa na majani ya viazi.

Nimempigia simu Melkiori, bwana nyama wa wilaya, yule afisa wa wanyamapori. Nilimfundisha darasa la sita. Amesema mnyamapori ni mali ya serikali. Nikae naye hadi apone, kisha aruke. Yeye atakuja tarehe kumi na tisa kuhakikisha.

"Lakini usimfuge, Mwalimu. Kumfuga ni kosa."

Nikamjibu kwamba sheria naijua.

Jumatano, 12 Juni

Bandeji imeondolewa. Bata ameninyea kiatu. Wegesa amecheka hadi mtoto wake, Gati, akaamka mgongoni.

Jumamosi, 15 Juni

Ameruka! Kutoka uani hadi juu ya paa la jiko. Akakaa huko, akapiga kelele, akashuka mwenyewe. Siku mbili tatu zaidi na ataondoka.

Kesho nakwenda Mugumu. Jumatatu ni uhakiki wa wastaafu. Nitalala huko siku mbili. Nimemwachia Wegesa funguo, mahindi na bata. Nimemwambia amwangalie vizuri. Sikusema zaidi.

Jumanne, 18 Juni

Nimerudi saa nane mchana. Wegesa amenipokea mkoba akiwa na furaha kubwa.

"Mwalimu, bata hana pa kwenda sasa! Jana alipanda paa tena, nikasema huyu atatorokea lamboni, Mwalimu arudi akute ua mtupu. Nimemkata."

Amekata manyoya yote marefu ya bawa la kulia. Kwa mkasi wangu wa kushonea. Ndivyo kila mama hapa anavyomfanyia kuku mgeni asiruke ua. Kazi safi, imenyooka. Manyoya ameyafunga kwenye gazeti, nitengenezee mto.

Nimekaa kwenye kigoda. Sikumgombeza. Miaka thelathini na minne nilitoa maagizo bila kutoa sababu, nikaona ndiyo nidhamu. Sikumwambia kwamba bata lazima aruke. Sikumwambia kwamba bwana nyama anakuja.

Nilipomwambia, alishika mdomo.

Jumatano, 19 Juni

Melkiori amefika saa nne. Ameniamkia kwa adabu zote, kisha akamshika bata na kulifungua bawa. Alipitisha kidole kwenye ncha zilizokatwa.

"Mwalimu, huyu amekatwa."

"Naona."

"Haya hayaoti mpaka abadilishe manyoya. Miezi. Na kukata manyoya ndiko kufuga kwenyewe. Nani amekata?"

Wegesa alikuwa hatua kumi kutoka pale, anachambua mboga. Mikono yake ilisimama.

Nimesema nitatoa maelezo kwa maandishi. Melkiori alinitazama. Nadhani alikumbuka viboko nilivyomchapa kwa kukwepa swali. Amesema sawa: maelezo yamfikie ofisini kesho, yenye jina la aliyekata na sahihi. Bata abaki hapa kwa sasa.

Alipoondoka, Wegesa alikuja na sufuria mkononi.

"Mwalimu, mume wangu Wangwe alikaa jela miezi kumi na minane kwa paja la nyumbu. Mimi kwa manyoya watanipa mingapi?"

Nimecheka. Naona aibu kwamba nimecheka. Yeye hakucheka.

"Andika tu ni mimi," akasema. "Wewe husemi uongo, kila mtu anajua. Ila Gati bado ananyonya. Sijui wataruhusu niende naye."

Akarudi kwenye mboga zake. Zilikuwa zimeshachambuliwa, alizichambua tena.

Saa kumi na moja jioni

Nimeandika barua mbili. Anwani moja, tarehe moja, mwandiko mmoja. Ya kwanza inasema Wegesa alikata, nami sikuwepo. Ni ya kweli. Ya pili inasema nilikata mimi mwenyewe. Ni fupi zaidi, na nimeiandika bila kufuta hata neno.

Zote mbili nimezitia sahihi. Ziko mezani, kila moja na bahasha yake.

Nelson atapita kesho saa mbili asubuhi kupeleka moja Mugumu. Nitaandika hapa nikishajua nimemkabidhi ipi.