Nani Amenoa Kisu cha Mashine Yangu ya Nyasi?

Baba Nanzala,

Maziwa iko kwa sufuria, ichemshe kabla iharibike. Naenda kwetu Ziwa kumwona mama, nitarudi jioni. Mashine ya kukata nyasi usiitoe kwa kivuli. Jua la mwezi huu limeichosha, na wateja wangu wa mtaa wa Kimumu bado wananingoja.

Asubuhi nilienda kuisafisha, nikapata filta imeoshwa, oili ni mpya, na kisu kimenolewa mpaka kinang'aa. Nanzala anasema alikuona wewe ukifanya hiyo kazi.

Sasa sielewi. Jumapili ulisema mbele ya ndugu zako, "Bibi yangu kusukuma mashine kwa kompaundi za watu ni aibu. Uza hiyo kitu." Niliumia sana. Leo ni wewe unaitengeneza?

~~Kama umepata mteja, basi uza tu, nimechoka.~~ Hapana, usiuze!

Ulikuwa unanisaidia, ama unaipamba ipate bei? Nimeshindwa kujua, kwa hivyo nimetoa plagi ya injini, niko nayo kwa mkoba. Bila hiyo haiwaki.

Kama ulikuwa unanisaidia, nipigie simu nikushukuru vizuri. Kama kuna mtu anakuja kuinunua, mwambie mwenye mashine hajakubali.

Mama Nanzala