Kwa Baba Mikate, Aliyeishi na Tezi Zilizochoka

Mwaka umeshazunguka, Baba, tangu ulipotuaga, na wateja bado wanakuulizia kana kwamba uko nyuma ya tanuri.

Ulikuwa mtu wa kuimba ukikanda unga. Kwa hiyo ulipoanza kuchoka, tulishtuka. Kuinuka kitini ikawa kazi; ukiinuka, kizunguzungu, unashika meza. Suruali zikawa zinakuporomoka. Ngozi ikazidi weusi, hasa kwenye vifundo vya vidole na mistari ya viganja, wewe ambaye jua ulikuwa unalisikia tu redioni. Hata fizi ziliingia mabaka. Ukawa unaramba chumvi kama peremende, na mikate nayo ikakolea mpaka mteja mmoja akauliza, "Baba Mikate, leo umekandia machozi?" Ulicheka kuliko sote.

Mama hakucheka. Alikuvalisha shati safi, akakupeleka hospitali. Daktari alitazama viganja, akapima damu, kisha akatueleza taratibu: juu ya kila figo kuna tezi ndogo, na homoni zake ndizo zinazoupa mwili nguvu na kuuhifadhia chumvi. Zako ziliharibiwa na kifua kikuu ulichougua ujanani. Kwa wengine, alisema, kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayozishambulia.

"Kumbe nimeishiwa mafuta," ulisema.

"Tutakuwekea kila siku. Ila vidonge usiviache. Ukipata homa, unaongeza kama nitakavyokuelekeza. Ukitapika, unakuja mbio."

Hukuviacha. Baada ya wiki chache tukasikia tena unaimba.

Tunalojivunia zaidi ni la jirani yetu mshonaji. Alikuwa ametumia vidonge vya steroidi kwa ajili ya pumu miaka mingi, akaona nafuu, akaviacha ghafla. Ulimkuta ameegemea cherehani, anatapika, hana nguvu hata ya kukusalimu.

"Ni njaa tu," alisema.

"Dada yangu, njaa naijua, nauza mikate. Twende!"

Ukaiacha mikate tanurini, ikaungua yote. Hospitali walisema dawa zile zilikuwa zimezilaza tezi zake, na kuacha vidonge ghafla kuliukuta mwili mtupu, bila homoni. Angechelewa kidogo, tungemzika.

Wewe moyo ndio uliokuchukua, usingizini, bila purukushani. Suti yako ya mwisho aliishona yule jirani mshonaji, akilia, na hakukubali mtu amsaidie.

Tunaokuenzi ni Mama, sisi binti zako wawili, mkweo, mdogo wako fundi bomba, na mjukuu wako Bonge. Hutatutoka moyoni, Baba, leo na siku zote.