Thelathini ya Uongo

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Bado unakwenda kwenye mikorosho kwa miguu, au umemkubalia Hamisi akupeleke na pikipiki yake? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Kwenye simu ningelia, ndiyo maana naandika. Dada Zuhura akusomee polepole.

Kazi yangu huku milimani unaijua: nakaa kibandani kando ya barabara kuu, nabadilisha namba ya mwendo kwenye kibao cha taa. Kukiwa kweupe naweka themanini. Ukungu ukishuka naweka thelathini, maana mbele kuna kona kali na chini yake korongo. Malori na mabasi yanapita kutwa, wala hakuna anayenitazama. Nimelelewa Kirongwe, Mama, ambako mtu hapiti barazani bila salamu hata kama mmegombana jana. Huku wiki inakwisha sijasikia mtu akilitaja jina langu.

Basi Jumatatu asubuhi, jua linawaka, ukungu hakuna hata wa dawa, nikaweka thelathini. Nilitaka wapite taratibu niwaone nyuso. Na kweli wakapita taratibu, nikawa nawapungia mkono. Mzee mmoja wa lori la mbao akafungua kioo.

"Kuna nini mbele, kijana?"

"Hakuna kitu, mzee. Shikamoo."

Akanitazama, akacheka kidogo. "Marahaba, mwanangu." Akaenda zake. Siku hiyo nilikula nikashiba.

Ulitufunza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mwisho Alhamisi. Ukungu ulishuka mzito, nikaweka thelathini, na lori lile lile likaja mbio. Nilitoka nje nikipiga kelele, likanipita. Kwenye kona likaingia mtaroni, likalala ubavu hatua chache tu kabla ya korongo. Nilimtoa mzee kwa mikono yangu, mkono wake mmoja umevunjika. Akaniambia, "Nilidhani ni salamu tena."

Nimemweleza msimamizi yote, sikuficha. Hajanifukuza bado. Aliniuliza tu, sasa nani atakiamini kibao chetu? Aibu ninayo mpaka leo.

Nisalimie shangazi yangu wa Juani, yule anayelima mwani, umwambie namkumbuka. Hamisi mwambie mvua ikinyesha apunguze mwendo njia ya Kilindoni, hata kama abiria ana haraka. Nawe uniombee dua, Mama.

Habari yangu imeenea kwa madereva. Sasa kila nikiweka thelathini wanapunguza, wanafungua kioo, wananitazama usoni kama nilivyotaka. Hakuna anayenisalimu. Wananiuliza tu, "Leo ni kweli?"

Mwanao,
Juma