Mijohoro Yetu na Dawa ya Tumbaku

Kwako mume wangu Yustino, mjukuu niliyekulea,

Huku Kakese tuko salama, na mama yako amemaliza kuvuna mpunga. Uliniuliza kwenye simu kwa nini nawazuia majirani wasipulizie dawa miti yetu ya kivuli, mijohoro ya mtaa, wakati viwavi wanaimaliza. Kweli wanaimaliza. Kinyesi chao kinadondoka kwenye bati mchana kutwa kama manyunyu, na roho yangu haitulii.

Nilipokuwa msichana, mjohoro wa kwetu uliliwa hivyohivyo. Nikachukua dawa ya wadudu iliyobaki kwenye shamba letu la tumbaku, nikaupulizia ukiwa na maua. Viwavi wakaanguka, nikasifiwa. Siku ya tatu baba akarudi kutoka kwenye mizinga yake. Hakunigombeza. Alinifungulia kiganja tu, kimejaa nyuki waliokufa. Mwaka ule hatukurina asali.

Sasa natikisa matawi kwa ufito mrefu, kuku wanadonoa wanaoanguka. Labda haitoshi, sijui. Majirani wamechoka kunisubiri, Jumamosi wanaleta bomba la kupulizia. Na leo asubuhi, mume wangu, nimeona ua la kwanza limechanua. Nyuki alikuwa ameshafika.

Ni mimi bibi yako, Skolastika