Kifungio cha Ushanga wa Mama

Jumanne, 5 Agosti 2025

Ushanga wa Mama umekwisha! Mwekundu na mweupe, mistari mitatu, nimeutunga kwa mshipi wa kuvulia samaki ili usikatike. Kilichobaki ni kifungio tu. Zamani nilikuwa natia kitanzi na kifungo cha shati, lakini wateja wa hapa Migori wanacheka – ati ni mambo ya nyanya zao. Leo dukani kwa Kaltum nimepata vile vidogo vya rangi ya dhahabu, vyenye kimdomo cha kubonyeza kwa ukucha. Kaltum akauliza, Pauline, hiki ni cha nani? Nikamwambia. Akasema basi nichukue cha sumaku, wazee wanakiweza. Sumaku! Ushanga ukidondoka shambani nani atauona? Nimekataa. Nimechukua cha kimdomo, nikabana pete zake kwa plaizi mpaka mkono ukauma. Hakifunguki ng'o!

Jumapili, 10 Agosti

Nimerudi kutoka Ndhiwa, nyumbani kwa Mama. Nilimvalisha Mama mwenyewe kabla ya ibada ya kina mama. Alinyoosha shingo kama msichana. Sikukaa kunywa chai – nina oda ya harusi, ushanga wa bibi harusi na wasimamizi wote. Akanisindikiza hadi barabarani, akishikashika shingo yake.

Jumamosi, 16 Agosti

Liz, jirani wa Mama, amepiga simu. Mama hauvui ushanga, hata akienda kupalilia, hata akilala. Nimecheka! Nimewahadithia wateja wote. Halafu nikampigia Mama, nikamkaripia kidogo. Utauchafua, Mama, huo ni wa kanisa. Akasema sawa. Akauliza nitakuja lini. Nikasema kazi ni nyingi. Akasema sawa tena.

Jumatano, 27 Agosti

Liz tena. Shingo ya Mama imetoka vidonda pale kifungio kinapogusa. Anajifunga kitambaa watu wasione.

Nikaenda kwa Kaltum na hasira zangu, kana kwamba ni yeye aliyenituma. Hakunigombeza. Alisema vile vya bei ya chini huwachoma watu wengine wakitoka jasho. Kisha akaniuliza polepole kama vidole vya Mama vinakunjuka siku hizi.

Havikunjuki. Na najua! Nikienda nyumbani ni mimi humfungulia kifuniko cha dawa. Lakini kifungio nilikijaribu kwa ukucha wangu mimi, shingoni mwangu mimi. Na nikacheka – nikawapa wateja hadithi! Najuta. Kesho naenda.

Alhamisi, 28 Agosti

Ndhiwa. Naandikia gotini, Mama yuko jikoni na chai.

Nilipofika nilimfungua kitambaa. Ngozi imeiva, inatoa maji. Nikalia. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Liz amfungulie, Liz ana macho na ana kucha. Kumbe Liz alitaka, tena si mara moja. Mama ndiye aliyemkataza.

"Nilimwambia wacha. Mwenye alifunga atakuja kufungua."

Nikasema lakini Mama, kimekuumiza! Akasema kidonda ni kidonda tu, kitapona.

Nikatoa plaizi. Akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda, nguvu sijui alizitoa wapi.

"Ngoja kwanza, nyathina, mwanangu. Ukitoa saa hii, utaenda na gari ya saa ngapi?"

Nilikuwa nimepanga ya saa tisa. Harusi ya watu ni keshokutwa, na shanga za wasimamizi hazijatiwa vifungio hata moja. Sikumwambia. Mtoto gani mimi! Nilisema tu tunywe chai kwanza. Akaenda jikoni na ushanga wake shingoni, na sasa namsikia dirishani akimwita Liz aje amshikie jogoo, Pauline analala leo.