Funda la Pili

Jumatano. Jua kali tangu asubuhi, mvua haina hata dalili. Nimerudi kutoka ikuluni na moyo mzito na tumbo jepesi, na ninaandika haya mapema kabla sijaanza kujidanganya.

Jumapili nilibatizwa. Jina langu sasa ni Yohana. Nyamizi, mke wangu, alilia kwa furaha mpaka ugali ukaungua. Mbele ya mchungaji na nusu ya watu wa Isevya, niliapa kwamba mimi na pombe basi, mpaka kaburini.

Shida ni kwamba kazi yangu ni kuonja pombe ya Mtemi.

Mchungaji hakuniuliza kazi yangu na mimi sikujipeleka. Ikuluni nako sikusema kwamba nimebatizwa. Kule bado ni Luhende mwonjaji. Mtungi ukiletwa, nachota kwa kata, nakunywa, nameza, natoa ulimi watu waone, ndipo Mtemi anakunywa. Kwetu hata jirani humpi pombe kabla hujaionja mbele yake, sembuse Mtemi. Nyumba ninayolala na nyama ninayokula vimeletwa na koo hili.

Nilikuwa na mpango: nitagusisha midomo tu, kisha nimeze mate. Mpango wa mtu mjinga, lakini ndio niliokuwa nao.

Leo mtungi uliletwa na Mwanangwa Maganga, mkuu wa vijiji vya magharibi. Mwezi uliopita alikwenda mjini kuonana na Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali, bila kumwambia Mtemi kwanza. Mwanangwa Kasele, ambaye siku nyingi anakimezea mate kiti cha Maganga kwa ajili ya shemeji yake, akahakikisha hakuna sikio lililokosa habari hiyo. Basi Maganga alikuja kuomba radhi, na alikuja na pombe ya asali, ile inayonukia hata mtungi ukiwa umefunikwa.

Maganga simpendi. Mwaka jana alisema barazani kwamba Luhende analishwa kwa ajili ya tumbo lake, kichwa amepewa cha kuvalia kofia. Watu walicheka wiki nzima.

Nikapiga magoti, nikachota. Kata ilipofika mdomoni, harufu ikanipanda puani, nikajua kwamba midomo ikigusa tu, mate hayatakuwa na nafasi. Nikamkumbuka mchungaji. Nikaishusha kata chini.

Mimi niliona kiapo. Wao waliona sumu.

Kasele akasimama taratibu. "Mwonjaji ameikataa," alisema. "Jamani, tangu lini Luhende akakataa pombe?"

Watu wakaanza kuvuta vigoda vyao mbali na mtungi. Maganga akasema atainywa mwenyewe, yote. Kasele akajibu kwamba mwenye sumu huja amekwisha kunywa kinga yake nyumbani. Mzee wa watu akabaki ananitazama mimi. Anayeshikwa na jambo kama hilo hapotezi kiti tu.

Naungama: nilinyamaza. Haikuwa muda mrefu, tuseme kuhesabu mpaka kumi. Lakini kuanzia moja mpaka saba nilikuwa nafurahi.

Kwenye nane niliona aibu. Nikapiga makofi ya heshima, nikasema, "Mtemi, pombe haina kosa. Nilibatizwa Jumapili, sasa naitwa Yohana, nimeapa kutokunywa."

Baraza zima likaangua kicheko. "Luhende huyu," Kasele aliuliza, "aliyelala ndani ya ghala la mtama siku ya mavuno, amekumbatia mtungi?" Ni kweli, nilikuwa mimi.

Mtemi hakucheka. "Kama haina kosa, onja," alisema. "Usipoonja, nitajua Maganga alikuja kufanya nini."

Nilitazama kata. Nikamtazama Maganga, machozi yanamtoka bila sauti, mtu aliyenidharau mbele ya nchi nzima. Nikanywa. Nikameza, nikatoa ulimi.

Pombe ilikuwa safi. Ilikuwa safi sana.

Nikanywa tena.

Mtemi akapokea kata, akanywa, akamwambia Maganga akae mahali pake. Kisha akasema kwa kuwa Mwanangwa Kasele ni bingwa wa habari za sumu, kuanzia kesho mwonjaji ni yeye. Akanigeukia kuniuliza kama dini yangu inakataza na chai. Nikasema hapana. Basi nimepewa kazi ya kumwonjea chai, hasa ile anayokaribishwa kwa Bwana Shauri.

Nilipokuwa natoka, Maganga alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante, Yohana," alisema. Ikulu nzima, yeye ndiye wa kwanza kuniita hivyo.

Nyamizi alinusa tangu mlangoni. Nilimsimulia kila kitu mpaka funda la kwanza. Akasema Mungu ameona, na mchungaji naye ataelewa. Akaenda kunitengea chakula, akaniwekea finyango mbili za nyama, na hapo nikazidi kukosa ujasiri.

Jumapili nitasimama mbele ya mchungaji. Funda la kwanza lilikuwa la Maganga, na hilo nitalisema bila kuinamisha kichwa.

La pili nitasema lilikuwa la nani?